Namna ya Kuunda na Kuendesha Kikosi cha Kujitolea cha Kuwaokoa Wanaoumia Vilimani Mwanza

Vilima vya Mwanza si virefu, na ufupi huo huwadanganya wengi. Mtu anayetembea juu ya majabali ya Isamilo, Luchelele au vilima vya nyuma ya Kisesa huliona ziwa, huona mabati ya nyumba na husikia honi za daladala, kwa hiyo huamini kwamba msaada uko jirani. Akiteleza na mguu ukavunjika katika ufa ulio kati ya majabali mawili, ndipo inapodhihirika kwamba barabara anayoiona kwa macho haifikiki kwa gari, na kwamba kumshusha salama umbali wa nusu kilomita kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yote ya gari kutoka bondeni hadi hospitali ya Bugando.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana, viongozi wa mitaa na vikundi vya mazoezi vinavyotaka kuunda kikosi cha kujitolea cha kuwasaidia watembeaji wanaoumia katika njia hizo. Msimamo wake ni kwamba katika ukanda huu watu wa kusaidia hawakosekani. Yowe likipigwa, watu hutoka kila upande, na wavuvi wa Bukoba waliifikia kwanza ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022, ambapo watu 24 kati ya 43 waliokuwemo waliokolewa. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio: nani anaongoza, nani anamgusa majeruhi, nani anapiga simu, na nani anapaswa kukaa pembeni hata kama moyo unamtuma kusogea.

Kabla ya tukio la kwanza

Anzeni na uongozi wa mtaa au kijiji. Kikundi kisichojulikana kwa mwenyekiti na mtendaji, kikionekana usiku kikipanda mlima na tochi na kamba, kitashukiwa, tena kwa haki. Mkishakubaliwa na mtaa, jisajilini kama kikundi cha kijamii kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, iwe ya Jiji la Mwanza (wilaya ya Nyamagana), Ilemela au Magu, kisha nendeni katika kituo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kujitambulisha. Jeshi hilo ndilo lenye dhamana ya uokoaji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na kikosi cha kujitolea kinafanya kazi chini ya mwavuli wake. Huko Uingereza, ambako vikosi vya uokoaji milimani ni vya watu wasiolipwa na havimtozi ada anayeokolewa, vikosi hivyo huitwa kupitia polisi, na utaratibu huo unafaa kuigwa: simu ya kwanza iende 114 kwa Zimamoto au 112 kwa polisi, na kikosi cha mtaa kiitwe sambamba, ili asiwepo mtu anayedhani kwamba mwenzake ameshapiga.

Mafunzo ya huduma ya kwanza yatolewe na watu wenye sifa. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza, na muuguzi au tabibu anayeishi mtaani kwenu akiombwa kwa heshima huenda akakubali kuwasimamia katika mazoezi. Video za kwenye simu hazitoshi, kwa sababu hazimsahihishi mtu anayefunga bendeji vibaya.

Wanachama wachaguliwe kwa ujuzi wa mahali zaidi ya misuli. Wapasua kokoto wanajua jiwe lipi limekaa imara na lipi linatikisika. Wachunga mbuzi wanajua vichochoro visivyoonekana kutoka chini. Madereva wa bodaboda wanajua mwisho wa kila njia ambako chombo kinaweza kufika. Ni lazima pia wawepo wanawake, kwa kuwa miongoni mwa majeruhi wamo akina mama wanaotafuta kuni na wasichana wanaokwenda kutembea mwisho wa juma, na si kila mmoja wao ataridhia kufunguliwa nguo na mwanamume asiyemfahamu. Awepo vilevile mtu anayezungumza Kisukuma vizuri, maana mzee aliyeumia na kuchanganyikiwa hurudi kwenye lugha yake ya nyumbani.

Kisha tembeeni njia zote mkiwa na daftari. Andikeni jina ambalo wenyeji hulitumia kwa kila jabali kubwa, mahali penye mtandao wa simu na pasipokuwa nao, sehemu zenye nyuki katika nyufa, na mahali ambapo gari, bajaji na bodaboda huishia. Mkitaka kupaka namba za rangi kwenye mawe ili mtu aliyeumia aweze kusema yuko jirani na namba gani, ombeni ruhusa kwanza, kwa sababu baadhi ya majabali wazee huyaheshimu kwa matambiko. Kisiwa cha Saanane kina utaratibu wake: ni hifadhi ya taifa, na uokoaji huko huanzia kwa askari wa uhifadhi.

Vifaa visiwe vingi kupita uwezo wa kuvitunza. Yanahitajika machela moja imara, glovu, gozi na bendeji za kutosha, khanga kadhaa safi, mabanzi ya mbao au maboksi magumu yaliyokatwa, tochi za kichwani zenye betri za akiba, filimbi kwa kila mtu, maji safi ya kunywa na ya kusafishia vidonda, mkasi, kalamu na karatasi, na kofia ngumu kama za mafundi wa ujenzi. Maji ya ziwa yasitumike kuoshea kidonda. Yana uchafu, na mwambao wetu una kichocho.

Simu inapoingia

Anayepokea simu aulize kwa utulivu mambo matano: mahali, idadi ya walioumia, kilichotokea, hali ya majeruhi sasa hivi, na namba ya simu ya pili kama ya kwanza itazimika. Kuhusu mahali, ramani ya simu ikifanya kazi, mwambie atume eneo alipo kwa WhatsApp, au akusomee tarakimu za eneo hilo uziandike. Isipofanya kazi, muulize anaona nini: mnara wa simu, tangi la maji, kanisa, msikiti, ziwa likiwa kulia au kushoto. Mkataze kuhama alipo kwenda kuwatafuta, na umwambie aokoe chaji kwa kuacha kuwapigia ndugu wote kwa wakati mmoja.

Mtu asiye na mtandao anaweza kutumia ishara ya kimataifa ya milimani, ambayo ni milio sita ya filimbi au miale sita ya tochi ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha kurudia. Anayejibu hutoa ishara tatu kwa dakika. Wafundisheni hili watoto wa shule na vikundi vya mazoezi, kwa maana sauti ya mtu huchoka mapema na mwangwi wa majabali huipotosha, ilhali filimbi haichoki.

Kiongozi wa tukio ateuliwe kabla ya kuanza kupanda, na asiwe yeye anayemhudumia majeruhi, kwa sababu aliyeinamia kidonda haoni jiwe linalotaka kuporomoka wala wingu linalokuja. Atangulize kundi dogo la watu watatu au wanne wenye begi la huduma ya kwanza, kisha machela na wabebaji wafuate. Abaki mtu mmoja barabarani kulipokea gari la wagonjwa au la Zimamoto. Bila yeye gari hupita njia panda na kupotea huku watu wakilitazama kutoka juu.

Jua halina subira hapa. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo jioni, na giza kamili hufuata upesi. Kwa hiyo mwito unaoingia saa kumi na moja ni mwito wa usiku, na kila mtu apande na tochi hata kama bado kunaonekana. Mvua za vuli na masika zikinyesha, jabali lenye kuvu huteleza hata kwa aliye pekupeku. Radi ikianza kusikika, kikosi kiondoke kileleni na kwenye miti iliyosimama peke yake, hata kama hilo litachelewesha kazi. Mwokoaji akiumia, wabebaji hupungua na majeruhi huongezeka.

Kufika kwa majeruhi

Msogeeni kutoka upande wa chini au wa pembeni, kamwe msitokee juu yake, kwa kuwa mawe mnayoyasukuma kwa miguu yatamwangukia. Kabla ya kumgusa, tazameni: bado kuna hatari ya kuporomoka, nyuki au nyoka? Kukiwa na nyuki, ondokeni nyote mara moja, pamoja na majeruhi ikiwezekana, na mambo mengine yasubiri.

Jitambulisheni. Maneno machache hupunguza hofu kuliko dawa: «Shikamoo mama. Mimi ni wa kikosi cha uokoaji cha mtaa huu, tumekuja kukusaidia. Usitikise kichwa, nijibu kwa maneno tu. Naomba nikuguse mguu?» Jibu lake linawaambia mambo mengi kwa mara moja: anapumua, ana fahamu, anaelewa alipo. Asiyejibu aangaliwe pumzi papo hapo. Asiyepumua kawaida aanze kukandamizwa katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, watu wakipokezana. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe kwa ubavu, kichwa na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, ili matapishi au damu visimzibe koo.

Damu inayotoka kwa wingi hushughulikiwa kabla ya mfupa. Kandamizeni kidonda moja kwa moja kwa gozi au khanga safi, bila kufunua kila mara kuchungulia. Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka na haikomi kwa kukandamizwa, fungeni kitambaa kipana upande wa juu wa kidonda, umbali wa vidole vinne hivi kutoka kilipo, si kwenye goti wala kiwiko, kazeni kwa kijiti mpaka damu isimame, na muandike saa. Kamba nyembamba isitumike, kwani hukata nyama bila kuziba mshipa. Kifungo hicho kikishakazwa, kifunguliwe na hospitali peke yake.

Mguu uliovunjika ufungwe banzi linalovuka kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika, likiwa limewekewa nguo laini ndani. Kabla na baada ya kufunga, bonyezeni kucha ya dole gumba muone kama wekundu unarudi, muulizeni kama anahisi mnapomgusa vidole, na mwambieni avichezeshe. Vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi baada ya kufunga, mmekaza mno, legezeni. Tukisema ukweli, kosa linalowagharimu majeruhi wengi ni lile la mtu mwenye nia njema anayeuvuta mguu «urudi mahali pake», na kiongozi anapaswa kumzuia hata kama ni mkubwa wake kwa umri.

Aliyeanguka kutoka juu ya kimo chake, au anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, au aliyekufa ganzi, achukuliwe kuwa ameumia uti wa mgongo. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili na ndiye atoe amri; wengine watatu wamgeuze kwa pamoja, mabega, nyonga na miguu, pale tu inapobidi.

Kuhusu nyoka, hasa kifutu ambaye hulala njiani bila kukimbia, kiungo kilichoumwa kifungwe banzi kisitikisike, pete na bangili zivuliwe, na majeruhi abebwe, asitembee. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba, na msimfukuze nyoka ili kumpeleka hospitalini. Choreni kwa kalamu mstari mahali uvimbe unapoishia na mwandike saa. Sumu ya swila ikiingia machoni, osheni kwa maji safi mengi.

Jambo moja husahaulika kwa sababu tunaishi karibu na ikweta: majeruhi hupoa. Mtu aliyepoteza damu, amelala juu ya jiwe lililolowa mvua, hutetemeka hata Mwanza. Saa saba mchana jiwe hilohilo humuunguza ngozi. Kwa hali zote mbili, wekeni kitu chini yake kabla ya kumfunika juu. Magunia, majani makavu au khanga zilizokunjwa zitafaa. Asipewe chakula wala kinywaji akiwa hana fahamu timamu, anatapika, ameumia tumbo, au anaonekana atahitaji upasuaji.

Umati

Muda si mrefu baada ya yowe, mtakuwa na watu thelathini juu ya jabali, kila mmoja na ushauri wake. Msiwafukuze, kwa kuwa mtawahitaji kubeba. Wapeni kazi kwa kumwonyesha mtu mmoja mmoja: «Wewe kaka mwenye shati jekundu, chukua wenzako wanne mfyeke njia mpaka kwenye mwembe. Dada, tunaomba khanga mbili. Mzee, tusaidie kuwazuia watoto wasipande juu yetu.» Amri inayotolewa kwa wote haimfikii mtu yeyote.

Mali za majeruhi ziorodheshwe na watu wawili mbele ya shahidi, hasa simu, pochi na fedha, kisha zitiwe katika mfuko mmoja unaosafiri naye. Kikosi kitakachosahau hili siku moja kitatuhumiwa wizi na hakitaaminika tena. Picha za majeruhi zisipigwe, isipokuwa ya kidonda kwa ajili ya daktari, wala zisitumwe katika makundi ya simu. Si vyema mama aione damu ya mwanawe kwenye WhatsApp kabla hajapigiwa.

Ikiwa mtu ameshafariki bila shaka yoyote, msimsogeze. Mfunikeni, walindeni waliokuwa naye, na subirini polisi.

Kumbeba

Machela ikikosekana, chukueni mirunda miwili imara yenye urefu unaozidi wa mtu, toboeni pembe za chini za magunia mawili au matatu, na mpitishe mirunda ndani yake. Mlazeni kwanza mtu mzima mwenye afya na uzito, mumnyanyue na kumtikisa. Machela isiyomhimili yeye haifai kumbeba aliyevunjika.

Sita hubeba, watatu kila upande, na wengine sita hutembea jirani kupokea kabla wa kwanza hawajachoka. Wapangwe kwa urefu, mrefu na mrefu mwenzake, vinginevyo machela hulala upande. Mmoja atangulie akitaja njia kwa sauti: jiwe, shimo, tawi, kushoto. Mhudumu atembee karibu na kichwa, akizungumza na majeruhi na kumtazama uso. Wakati wa kuteremka miguu itangulie na kichwa kibaki upande wa juu.

Mahali penye mteremko mkali au majabali yaliyobanana, msijaribu kutembea na mzigo. Kaeni katika mistari miwili inayotazamana, matako yakigusa jiwe, na mpokezane machela mkono kwa mkono. Walioachia huinuka, hupita pembeni na kukaa mbele. Ni kazi ya polepole inayochosha mikono, lakini hakuna anayeanguka. Pale ambapo mtu angelazimika kuning'inizwa kwa kamba, kazi ya kikosi cha mtaa imeishia hapo: mhudumieni alipo, mmpe joto na kivuli, na muwasubiri Zimamoto wenye vifaa na mafunzo. Kamba ya katani au ya manila ya dukani haikutengenezwa kubeba uhai wa mtu.

Barabarani, bodaboda zitakuwepo na zitajitolea kwa moyo. Mwenye jeraha la mkono au kifundo kilichoteguka anaweza kupanda bajaji. Aliyevunjika mguu, au aliyeumia mgongo, kichwa au tumbo, asipandishwe bodaboda kwa namna yoyote, hasa ile ya kumbana katikati ya dereva na ndugu. Hata pikapu yenye godoro na mwendo wa taratibu ni afadhali.

Kukabidhi

Majeraha makubwa yapelekwe hospitali ya Sekou Toure au Bugando kwa ushauri wa waliopokea simu ya dharura. Mhudumu aende na karatasi moja yenye jina na umri, kilichotokea, saa ya ajali, majeraha yaliyoonekana, kilichofanywa, mabadiliko ya fahamu na mapigo, dawa anazotumia na zinazomdhuru. Saa iandikwe pamoja na neno mchana au usiku, kwa sababu daktari anayesoma «saa 8» kwenye karatasi iliyochafuka damu hana namna ya kujua kama ni ya mchana au ya usiku. Ikiwa majeruhi alipigwa au aligongwa na chombo cha moto, mtu mmoja aende polisi kuchukua fomu ya PF3 huku wengine wakiendelea na safari ya hospitali.

Msidai malipo, wala msipokee fedha juu ya mlima hata zikitolewa kwa shukrani. Familia ikitaka kuchangia baadaye, ielekezwe kwa mweka hazina, na risiti iandikwe. Mafuta ya gari, betri na gozi zitoke katika mfuko wa kikundi, na kila aliyetumia kitu akiandike siku hiyohiyo.

Ndani ya wiki moja kutaneni mpitie tukio bila kutafuta wa kulaumiwa. Muulizeni kila mtu, kuanzia mdogo, alichokiona. Na aliyekosa usingizi kwa sababu ya alichokiona apelekwe kwa mtaalamu wa afya bila kuchekwa. Machela ioshwe kwa maji ya dawa ya klorini na ianikwe, kamba zikaguliwe kwa vidole urefu wake wote, betri zitolewe kwenye tochi zisivuje, na ufunguo wa stoo ushikwe na watu wawili wanaoishi nyumba tofauti, mmoja wao awe ni mtu asiyesafiri mara kwa mara.